Nafasi Yangu Katika Mashua ya Royce

Ijumaa, 10 Mei

Nimeachwa. Si na mke. Mke yupo jikoni, anaosha vyombo kwa kelele. Nimeachwa na shemeji.

Ilikuwa Ijumaa ya samaki kama kawaida, kwenye baa ya Skogen. Samaki wa kukaanga, viazi, kabichi, mkate mweusi, nusu ya mji wa Brandvold umeketi. Royce, kaka yake Nadine, akangoja nijaze viazi mdomoni ndipo aseme. Mwaka huu, Siku ya Karpi, mashindano yetu ya kupiga wale samaki wakubwa wa ziwani kwa upinde, hatashindana nami. Amepata mwenza mwingine. Nikameza. Nikauliza ni nani. Akatazama bilauri yake. Mchungaji.

Mchungaji Solveig! Mwanamke aliyehamia hapa majira ya baridi yaliyopita, mwembamba kama fito, anayecheka hata mazishini!

Tangu nimwoe dada yake, mimi na Royce ni mashua moja. Yeye anaendesha na kupiga, mimi napiga na kushauri. Mara tatu tumemleta nyumbani karpi wa mbao, yule anayetundikwa juu ya kaunta ya Skogen mwaka mzima, majina ya washindi yamechongwa chini ya tumbo lake. Nikamkumbusha hayo. Akasema, "Shemeji, usininunie. Mwaka jana ulipiga boya. Ukapiga sanduku la barafu. Ukapiga mashua yangu. Karpi hukumgusa hata mkia."

Tundu nililotoboa mashuani lilikuwa dogo. Tena lilikuwa juu ya maji. Au karibu juu.

Nikamwambia vyema. Nitashindana peke yangu, na Juni mosi atanitambua. Akacheka kidogo, akanyanyua bilauri kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ameutia mfukoni kama bwana shamba. Kiburi hicho! Mtu anakula samaki wa Ijumaa na mkono mfukoni!

Nimekata shauri. Kwanza, kumjua adui.

Jumapili, 12 Mei

Nimekwenda kanisani kupeleleza. Nadine alinitazama kama aliyeona ng'ombe akipanda ngazi. Mimi huenda Krismasi tu.

Katikati ya ibada nikagundua kuwa leo ni Siku ya Akina Mama. Kila mwanamke ana ua kifuani, wangu hana. Nikaanza kutokwa na jasho. Lakini Nadine akanishika mkono, akaninong'oneza kwamba hakutarajia zawadi nzuri kama hii, mimi kuja kanisani naye bila kusukumwa. Sikumsahihisha. Kumharibia mtu furaha kanisani ni dhambi.

Baadaye kahawa na keki ukumbini. Nikamsogelea Mchungaji taratibu. Nikamuuliza, kama mtu asiye na haja, kama amewahi kushika upinde. Akasema hajawahi, mpaka mwezi uliopita, Royce alipoanza kumfundisha kwenye ghala lake la majani. Moyo wangu ukaruka. Mwanafunzi!

Ndipo akaniuliza, kwa unyenyekevu kabisa, sisi mabingwa tunalenga wapi.

Sasa, kila mtu wa Ziwa Kettle anajua kwamba maji ni mwongo. Samaki huonekana juu kuliko alipo. Lazima mshale uelekezwe chini yake, patupu kabisa, kama unampiga mzimu. (Mimi mwenyewe nalijua hilo vizuri sana. Shida ni kwamba hulikumbuka mshale ukishatoka.)

Nikamwambia, "Mchungaji, lenga pale pale unapomwona. Amini macho yako."

Akanishukuru kwa mikono miwili. Nilijisikia vibaya mpaka keki ilipofika.

Jumanne, 14 Mei

Mpango. Kanuni za Siku ya Karpi zinakataza kutupa chambo siku ya mashindano. Leo si siku ya mashindano.

Nyuma ya nyumba yetu kuna kighuba kidogo, maji yake kina cha magoti. Karpi hupenda mahali kama hapo wakati wa kutaga. Wakizoea kula hapo, Juni mosi nitasimama ukingoni na kuwaokota kama viazi. Sina haja ya mashua. Sina haja ya Royce.

Nimejaza ndoo mahindi, maji, sukari, hamira, na bia mbili. Nimefunika, nimekaza, nimeficha kwenye banda la gari nyuma ya matairi ya theluji. Acha yachachuke.

Jioni Nadine akauliza banda linanuka nini. Nikasema panya. Akasema atamtafuta. Nikasema hapana haja, amekwisha kufa. Akasema kama amekufa si nimtoe basi. Nikasema kesho.

Jumamosi, 18 Mei

Jana Nadine alikwenda kumtafuta panya mwenyewe. Ndoo ikapasuka mbele yake.

Nilisikia mlio nikiwa chooni. Nilipofika, mahindi yalikuwa yananing'inia darini. Yalikuwa kwenye miwani yake. Hakupiga kelele. Angalau angepiga kelele! Alifuta jicho moja, akasema polepole, "Orrin. Huyu panya wako alikuwa amekula nini?"

Nimelala kwenye kochi.

Lakini nusu ya ndoo ilikuwa salama. Alfajiri nikaimwaga kighubani. Wa kwanza kufika walikuwa bata bukini. Si wachache. Jamii nzima, na wakwe zao. Wamekula, wameoga, wamekunya kwenye nyasi zote mpaka kwenye ngazi ya jikoni. Nikawatisha kwa ufagio. Dume moja likanitisha mimi.

Halafu, nyuma yao, nikaona maji yanatibuka. Mikia! Migongo ya rangi ya shaba inakata maji! Karpi, tena wakubwa, wanasukumana kama watu kwenye harusi. Nikakimbilia upinde.

Niliporudi, mashua ya Royce ilikuwa katikati ya kighuba changu.

Royce amekaa nyuma kwenye mota, mkono wa kulia kwenye usukani, wa kushoto ameulaza mapajani kama paka. Hata hakunipungia. Alinisalimu kwa kidevu. Kidevu! Mbele, juu ya jukwaa, Mchungaji amesimama na upinde. Akavuta. Akaachia. Uzi uliofungwa mshaleni ukavuma, maji yakaruka, karpi huyoo, akavutwa anapigapiga. Kisha mwingine.

Nikamwita Mchungaji kutoka ukingoni, nikampongeza kwa meno yaliyofungwa. Akajibu kwamba shukrani zote ni zangu. Alifanya nilivyomwambia, akakosa wiki nzima, mpaka Royce akamwambia alenge chini. Akasema nimemfundisha jambo kubwa kuliko uvuvi, kwamba macho ya mwanadamu humdanganya. Analiandalia mahubiri.

Atanitaja kwa jina.

Jumatano, 22 Mei

Mashua! Bila mashua mimi ni mtu wa kutazama.

Kabla ya hapo nilijaribu mkuki. Kanuni zinaruhusu upinde au mkuki, na babu yake Nadine aliacha mmoja darini, wenye meno matano. Mkuki hauna uzi wa kuvurugika. Nikavaa suruali ya mpira ya kufika kifuani, nikaingia kighubani, nikasimama kimya kama korongo. Kivuli kikubwa kikapita. Nikachoma kwa nguvu zangu zote. Nimempata! Mzito! Nikamwita Nadine aje aone. Akaja. Nikainua.

Tairi la trekta.

Bata bukini walicheka. Najua bata hawacheki. Hawa walicheka. Isitoshe, nilipochomoa mkuki niligundua kwamba jino moja lilikuwa limepita pia kwenye mguu wa suruali yangu. Nimeziba kwa utepe wa gundi.

Basi nikaenda ng'ambo ya ziwa kwa Bi Thelma Krogh, aliyekuwa na nyumba ya wageni zamani. Nikamwomba mashua yoyote. Akasema zote ameuza, isipokuwa moja ambayo hakuna aliyeitaka. Akanionyesha. Ni ile ya kukanyaga kwa miguu kama baiskeli, yenye umbo la bata maji. Nyeupe. Shingo ndefu. Kope zimechorwa.

Nilifikiri kwa muda. Nikasema nashukuru.

Nimepigilia jukwaa la mbao mgongoni mwake. Kwa kweli, ukiitazama kwa mbali na jua likiwa machoni, ni mashua ya vita.

Jumapili, 26 Mei

Majaribio. Tatizo la kwanza: nikikanyaga, sipigi. Nikipanda jukwaani kupiga, bata anasimama, na karpi wamekwenda zao. Nikamwomba Nadine aje akanyage. Akasema aliolewa na fundi wa mashine za kukata majani, hakuolewa na sarakasi.

Tatizo la pili: kigurudumu cha uzi kwenye upinde wangu kimekwama kwa kutu. Nikipiga samaki, uzi haukunjiki wala haukunjuki. Suluhisho nimelipata mara moja. Nimefunga mwisho wa uzi kwenye shingo ya bata. Nadine akasema shingo yenyewe inaonekana dhaifu. Nikamweleza kwamba ni faiba. Akasema hajui faiba ni nini lakini anajua shingo dhaifu akiiona. Alikuwa ananitazama mimi.

Ana wasiwasi na kaka yake, huyo Nadine. Kila mwaka theluji ikiyeyuka Royce huja tukabeba gati, yale mapande ya mbao, na kuliweka majini. Mwaka huu gati bado liko kwenye nyasi. Amempigia simu. Leo ana kazi, kesho mgongo, keshokutwa mvua. Hata chakula cha Jumapili haji tena. Nadine anasema si kawaida yake, kuna jambo. Nikamwambia jambo ni kiburi. Mtu akishapata mchungaji wa kumtembeza ziwani, hana haja na jamaa.

Akasema, "Orrin, wewe ungeona nyumba inaungua ungesema jirani anajivuna na moto wake."

Sikuelewa. Nikaenda kumfunga bata vizuri.

Jumamosi, 1 Juni

Naandika nikiwa nimefungwa mablanketi mawili. Nadine amenipa supu na hasemi. Nitasema yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi njema. Upepo hakuna, maji kama kioo. Mashua zimejipanga mbele ya Skogen, mji mzima uko ukingoni na soseji mikononi. Mimi nikatokea nyuma ya matete na bata wangu, nakanyaga. Kelele iliyopanda! Watu walisimama juu ya meza. Vijana wa Halvor, wa mji jirani, ambao wamekuwa wakimtamani karpi wetu wa mbao tangu enzi za baba zao, walinipigia saluti. Nikainama kidogo. Mtu akishazoea kudharauliwa, hata akiinama kofia haianguki.

Kengele ikalia. Sote tukatawanyika.

Saa nzima sikuona kitu. Nilikuwa nimevaa ile suruali ya mpira, kwa kuwa bata huvuja chini. Jaketi la kuokolea lilinibana kwenye kuvuta upinde, nikalivua. Kwa mbali nilikuwa naiona mashua ya Royce ikienda polepole kando ya matete, na Mchungaji anapiga, anapiga. Kila uzi ukivuma, nakanyaga kwa nguvu zaidi.

Ndipo akapita.

Sijawahi kumwona karpi kama yule. Mgongo wake ulikuwa kama gogo lililoota magamba. Alipita chini ya shingo ya bata, polepole, bila haraka, kama tajiri anayekagua shamba. Nikaacha kukanyaga. Nikapanda jukwaani. Nikavuta upinde. Na safari hii, namshukuru Mungu, nilikumbuka kabla ya kuachia. Chini. Chini zaidi. Mpige mzimu!

Nikampata!

Na yeye akanipata. Uzi ukakaza, shingo ya bata ikageuka kushoto, na sisi wote, mimi, bata na jukwaa, tukaanza safari. Anatuvuta! Nilikuwa napiga kelele za furaha. Niliona watu ukingoni wanakimbia sambamba nami na soseji zao. Niliwapungia. Nilimtafuta Royce kwa macho ili anione.

Alikuwa ananiona. Alikuwa amesimama, anapaza sauti, ananionyesha kitu. Nikadhani ananipongeza. Alikuwa anasema, "Kata uzi! Orrin, kata uzi!"

Shingo ya bata ikavunjika.

Ilivunjika kwa mlio kama wa bunduki. Kichwa kikaruka, na kope zake, kikafuatana na karpi kuingia kilindini. Bata akapinduka upande wa pili. Nami nikawa majini.

Maji ya Juni hapa bado yanakumbuka barafu. Pumzi ikakatika. Halafu suruali ikaanza kujaa, kutoka juu kifuani na kutoka kwenye tundu la mkuki. Mtu hajui uzito mpaka avae ziwa. Nilipiga mikono. Nilishika ubavu wa bata, ukateleza. Nilikwenda chini nikaona kijani, nikapanda nikaona anga, nikaenda chini tena. Nilimfikiria Nadine. Nilifikiri, gati bado liko kwenye nyasi.

Mota. Kivuli cha mashua. Uso wa Royce juu yangu, mweupe. Akaninyooshea mkono wa kulia, nikaudaka. Akavuta. Ili mtu avute hivyo lazima ajishikilie kwa mkono wa pili, na wa pili haukushika. Niliuona. Uligusa ukingo wa mashua, vidole vikafunguka vyenyewe kama vya mtoto aliyelala. Nusura aanguke juu yangu.

"Solveig!" akaita. "Siwezi! Mshike wewe!"

Mchungaji alikuwa na samaki kwenye uzi wake, mkubwa, nilimwona anageuza maji. Akatoa kisu, akaukata uzi bila hata kutazama. Akalala kifudifudi, akanishika mikanda ya suruali, mwanamke yule mwembamba, akanivuta ndani kama gunia la ngano. Nikatapika ziwa kwenye viatu vyake. Akacheka, kisha nikaona analia.

Hawakurudi kupiga tena. Walinileta ufukweni moja kwa moja. Vijana wa Halvor wamemchukua karpi wa mbao. Ametoka Brandvold, kwa mara ya kwanza tangu achongwe.

Mchungaji alikwenda kunitafutia blanketi, tukabaki wawili, mimi natetemeka, Royce ameushika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia. Nikamuuliza huo mkono umefanya nini.

Akasema Januari alianguka jikoni kwake. Mdomo ulikwenda upande, mkono ukalala. Kesho yake mdomo ukarudi. Mkono haukurudi wote. Hakwenda kwa daktari. Mchungaji alimtembelea akamwona anashindwa kufungua kopo, akambana. Wakaafikiana: Mchungaji atapiga upinde badala yake Siku ya Karpi, na siku hiyo ikipita tu, Royce ataenda hospitali.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Wewe? Wewe ukimeza siri inatokea masikioni. Nadine angejua kabla ya chakula cha jioni. Alimwona baba yetu alivyokwisha, kidogo kidogo, mkono kwanza. Sitaki aanze kunitazama hivyo. Niapie hutamwambia."

Nikaapa. Meno yaligongana, lakini niliapa.

Jumapili, 2 Juni

Siri ni kama kula mawe. Nimekaa kimya siku nzima. Nadine alinipima homa.

Nikamwuliza Mchungaji baada ya ibada, kwa pembeni, Royce ataenda lini kwa daktari. Akainamisha uso. Royce amemwambia ni baada ya mavuno ya majani ya kwanza. Na baada ya hapo atasema ya pili.

Siri ya Royce. Kiapo changu. Dada yake. Nimezunguka nyumba mara nyingi mpaka bata bukini wamenizoea.

Jumanne, 4 Juni

Mpango. Kiapo kinasema nisimwambie. Hakisemi asione.

Nilimpigia Royce simu, nikasema Nadine ananiua kwa sababu ya gati, aje tuliweke, pande moja tu, dakika chache. Akasitasita. Nikasema asipokuja Nadine atauliza kwa nini. Akaja. Nilihakikisha Nadine yuko nje anaanika shuka.

Nikashika upande wangu. Yeye akashika wake, mkono wa kulia chini ya mbao na wa kushoto umewekwa juu kwa ajili ya macho ya watu. Tukanyanyua. Hatukufika mbali. Mbao ikamponyoka, ikaja chini yote, ikatua kwenye mguu wangu.

Nilipiga ukelele uliosikika Skogen. Nadine akadondosha shuka, akaja mbio. Nikamnyooshea mikono. Akanipita! Akanipita kama mti, akaenda kusimama mbele ya kaka yake.

"Royce, ninyooshee mikono yako."

"Imeteleza tu, Nadi. Umande."

"Yote miwili."

Wa kulia ukapanda. Wa kushoto ukafika mbavuni, ukatetemeka, ukarudi. Nadine hakulia wala hakugomba. Aliushika ule mkono akauweka shavuni mwake, wakasimama hivyo kwa muda, mimi nikiwa chini na gati mguuni. Kisha akamwambia aingie garini. Royce, mtu mzima, mwenye ndevu, akaingia garini. Wakaondoka mbio, Nadine bado amevaa aproni yake ya jikoni.

Nilijitoa mwenyewe. Ilichukua muda. Kidole kikubwa kimekuwa rangi ya bilingani.

Jumapili, 9 Juni

Wamemruhusu jana. Daktari amesema moyo wake unapiga ovyo na kurusha mabonge ya damu kichwani. Amesema kiharusi kingine kilikuwa njiani, tena kikubwa. Amepewa dawa, na mpira mdogo wa kuminya. Nadine anampigia simu kila asubuhi kumsikia akiuminya. Sijui anausikiaje.

Leo mchana Royce alikuja kwa miguu, akakaa kwenye gati, ambalo bado liko kwenye nyasi. Sura ameikunja. Anaminya mpira.

"Nilikuambia usiseme."

Nikasema sikusema neno. Nadine shahidi.

Akawaza. "Umeniangushia gati."

"Umeliangusha mwenyewe. Tena juu yangu."

Akautazama mguu wangu, ulivyofungwa kama mtoto mchanga. Mdomo ukaanza kumchezacheza. Nikaogopa, nikadhani ndiyo yale ya Januari. Kumbe kicheko. Tulicheka mpaka Nadine akachungulia dirishani. Kisha Royce akasema shukrani, kwa sauti ya mtu anayetema mfupa. Nikasema si kitu.

Halafu akasema mwakani tumrudishe karpi wetu kutoka kwa wale wa Halvor. Yeye ataendesha. Mchungaji atapiga. Na mashua ina nafasi ya mtu wa tatu, wa kushika wavu na kuhesabu samaki. Kama mtu huyo ataahidi kutogusa upinde.

Ilinibidi nigeuke nitazame bata bukini kwa muda. Nimerudi mashuani!

Nikaahidi. Nilimwambia kwamba nimejifunza mengi. Kwamba tamaa ya sifa ilitaka kunizamisha, na kwamba mtu aridhike na nafasi yake. Tulipeana mikono. Wa kushoto, kwa makusudi. Uliminya kidogo.

Jumatatu, 10 Juni

Sikulala vizuri. Nimefikiri.

Kushika wavu!

Mimi, niliyempata karpi mkubwa kuliko wote waliowahi kuonekana Ziwa Kettle, mbele ya mji mzima, kwa mshale mmoja! Ni kosa la shingo ya bata, si langu. Sasa nishike wavu, nihesabu kama karani, wakati aliyeanza kushika upinde juzi anasimama jukwaani?

Sina chuki naye. Kinyume chake. Ameokoa maisha yangu, na nina deni la kumtendea wema. Ndiyo maana leo nimekaa mezani na kalamu bora niliyo nayo, nikamwandikia askofu wake kule jijini. Kurasa nne. Nimemweleza jinsi Mchungaji Solveig alivyo hodari, jinsi alivyo mnyenyekevu, jinsi anavyohubiri mpaka mtu anasahau maumivu ya mgongo. Nimemweleza kwamba mtu wa namna hii ni haramu kumficha kwenye mji mdogo wenye bata bukini wengi. Apandishwe cheo. Apewe kanisa kubwa, la mawe, lenye kinanda. Mbali. Ikiwezekana kabla ya masika.

Nimesoma mara ya pili, machozi yakanitoka. Sijawahi kuandika kitu kizuri namna hii juu ya mtu yeyote.

Nadine alipita, akauliza namwandikia nani kwa bidii hivyo. Nikasema kanisa. Akanibusu utosini, akaniletea stempu.